Pointi Moja Iliyokatwa London

Jioni hii tunazungumzia mapigano ya kizimbani, haya ya MMA, ambayo vijana wengi wa huku kwetu huyaamkia Jumapili alfajiri kwa kuwa Las Vegas bado ni Jumamosi usiku. Wanaoyafuatilia wanaijua hali ya asubuhi hiyo. Jua halijapanda vizuri, simu zimeshajaa: fulani kaibiwa, fulani kabebwa, majaji walikuwa wanaangalia nini? Chai haijapoa, dai limeshafika: kanuni zibadilishwe.

Msimamo wangu huenda usiwapendeze wote. Kanuni za mchezo huu, kwa sehemu kubwa, ni nzuri. Zimeandikwa kwa uangalifu na zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba marefa na majaji wanaogopa kuzitumia, na wakishaogopa hakuna anayewauliza.

Niwapeleke London, Machi 18, 2023. Leon Edwards anatetea mkanda wake wa uzito wa welta dhidi ya Kamaru Usman, yule Mnigeria aliyeutawala uzito huo kabla yake. Raundi ya tatu, Usman anataka kumwangusha, Edwards anaushika wavu wa kizimba ili asiende chini. Refa Herb Dean akasimamisha pambano na kumkata pointi moja. Bingwa, tena mbele ya Waingereza wenzake, ukumbi umefurika. Edwards alishinda hata hivyo: majaji wawili walimpa 48-46, na wa tatu akaandika sare, 47-47. Piga hesabu uone uzito wa pointi ile. Bila ya makato, kadi ya jaji wa tatu ingesomeka 48-47 kwa Edwards. Jaji mwingine mmoja tu angeandika kama huyo, mkanda ungebaki kwa bingwa kwa sare na si kwa ushindi.

Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyoshangaa. Kushika wavu ni kosa, na limo kwenye kanuni za pamoja zinazotumika karibu kila mahali. Lakini tazama mapigano kumi ya wikiendi yoyote uone linavyoadhibiwa: refa anapaza sauti, "Acha wavu!" Mkono ukiganda, anaupiga kofi. Basi. Mpiganaji ameshajiokoa asiangushwe, raundi imeshageuka, na aliyekuwa akimwinua mwenzake amepoteza nguvu zake bure. Ni sawa na refa wa mpira kumwona beki anaudaka mpira ndani ya boksi, akamwambia, "Kaka, usirudie," kisha mchezo ukaendelea. Hapo Dar es Salaam refa huyo asingetoka uwanjani salama.

Twende kwenye macho, maana hapa ndipo panapouma zaidi. Huyu huyu Edwards, miaka miwili kabla ya usiku ule wa London, alipigana na Belal Muhammad mjini Las Vegas. Mwanzoni mwa raundi ya pili kidole cha Edwards kikaingia jichoni mwa Muhammad. Mtu mzima akalia kwa maumivu, hawezi kuona, pambano likafutwa. Hakuna mshindi, hakuna mshindwa. Muhammad alisubiri zaidi ya miaka 3 ndipo akakutana tena na Edwards, Julai 2024 mjini Manchester, akamshinda kwa pointi na kuuchukua mkanda. Yeye alipata siku yake. Wapo wengi ambao siku hiyo haikurudi.

Na msidhani ni habari ya zamani. Oktoba 25, 2025, Abu Dhabi, pambano la ubingwa wa uzito wa juu, Tom Aspinall wa Uingereza na Ciryl Gane wa Ufaransa. Raundi ya kwanza haijaisha, vidole vya Gane vimeingia machoni mwa Aspinall. Akapewa dakika zake tano za kupumzika, akasema haoni, pambano likafutwa. Watu waliolipa pesa zao, na wengine wa kwetu wanaofanya kazi huko Ghuba walikuwemo, wakarudi nyumbani na dakika zisizofika tano za mapigano. Ukumbi ukamzomea aliyechomwa! Hilo nalo lina somo lake kuhusu sisi mashabiki, lakini tuliache.

Sasa sikilizeni hili. Tangu 2017 kanuni za pamoja zinasema kwamba kumnyooshea mwenzako usoni mkono uliofunguka, vidole vikielekea machoni, peke yake ni kosa. Kidole si lazima kiingie. Kuunyoosha tu kunatosha refa kukuonya, na kukukata pointi usiposikia. Kanuni ipo, imeandikwa. Mara ngapi mmeona mtu akikatwa pointi kwa kunyoosha vidole? Mimi nafuatilia mchezo huu muda mrefu na sikumbuki hata mara moja katika pambano kubwa la ubingwa. Badala yake UFC, kampuni inayoandaa mapigano haya makubwa, ilikwenda kushona glavu mpya. Zilianza kutumika Juni 2024, tukaambiwa zinakunja vidole kidogo, macho yatapona. Kufika Novemba mwaka huo huo zimewekwa kando, glavu za zamani zimerudi. Walitafuta kwa fundi dawa iliyokuwa mdomoni mwa refa.

Marefa hujitetea kwamba ni bahati mbaya, mtu hakukusudia. Nakubali, mara nyingi hakukusudia. Lakini bahati mbaya inayokunufaisha wewe na kumwumiza mwenzako lazima iwe na bei. Wajapani waliliona hilo mapema. Katika mashindano ya PRIDE, refa alikuwa na kadi ya njano, na kadi moja ilimkata mpiganaji asilimia 10 ya malipo yake. Sisemi tuige kila kitu cha PRIDE. Kule mtu aliruhusiwa kumpiga teke la kichwa mwenzake aliyelala chini, na hilo sitaki kuliona likirudi. Ila ile kadi iligusa mfuko, na mtu akiguswa mfuko anakunja vidole vyake mwenyewe.

Haya, majaji.

Mchezo huu ulipoanza Denver, Novemba 1993, haukuwa na majaji kabisa. Mlipigana mpaka mmoja akubali, azimie, au kona yake irushe taulo. Wanasiasa wakapiga kelele, Seneta John McCain akaufananisha na kupiganisha majogoo, na majimbo mengi ya Marekani yakaufukuza. Ulipona kwa kukubali sheria. New Jersey ndiko kulikoandikwa kanuni za pamoja, 2000 kuingia 2001, na kwa upande wa kuhesabu wakaazima kwa ndugu yao mkubwa, ngumi: mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9 au chini ya hapo.

Mpenzi wa ngumi anayenisikiliza, kuanzia Manzese hadi Mombasa, anaijua hesabu hiyo. Lakini ngumi za ubingwa ni raundi 12. Jaji akikosea mbili, bado zipo kumi za kuokoa ukweli. Kizimbani raundi ni 3, na 5 kwa pambano la ubingwa. Jaji akikosea moja tu kati ya 3, keshaharibu theluthi nzima ya pambano. Tena fikiria: Juma anashinda raundi ya kwanza kwa unywele, na ya tatu kwa unywele. Katikati, raundi ya pili, Hamisi kamwangusha, kamkalia, kampiga makonde dakika nne, kapiga kabali mara mbili, Juma kaokolewa na kengele. Jaji akiandika 10-9 kila raundi, Juma kashinda 29-28. Uso umevimba, na mkono unainuliwa wake.

Hapo ndipo watu wanapodai mfumo mpya. Mimi nawaambia ufumbuzi umo humo humo. Kanuni zinamruhusu jaji, na kwa kweli zinamtaka, aandike 10-8 raundi kama ile ya Hamisi. Vipimo vimewekwa vitatu: madhara aliyoyapata mwenzako, jinsi ulivyomtawala, na muda uliofanya hivyo. Andika 10-8 raundi ya pili, pambano linakuwa sare, 28-28. Jaji gani anaogopa namba 8? Wengi. Namba 9 haiulizwi na mtu. Namba 8 inaulizwa, kwa hiyo kalamu inakimbilia 9.

Chukua usiku wa Novemba 16, 2013, Las Vegas, Georges St-Pierre na Johny Hendricks. Majaji wote watatu walikubaliana kuhusu raundi nne: mbili za Hendricks, mbili za St-Pierre. Walitofautiana raundi ya kwanza tu. Wawili wakampa St-Pierre, mkanda ukabaki kwake. Watu walipiga kelele kwa sababu ukiangalia nyuso mbili zile, usingesema mwenye mkanda ndiye yule aliyevimba. Lakini kadi ndizo zinazosema, na kadi zilikuwa zimehesabu raundi ndogo na raundi kubwa kwa bei moja.

Au Houston, Februari 8, 2020, Jon Jones na Dominick Reyes. Kwamba Jones alishinda raundi mbili za mwisho, wengi hawabishi. Reyes aliwasha moto mwanzoni. Majaji wawili wakatoa 48-47 kwa Jones, sawa, raundi ya tatu inabishaniwa. Wa tatu akatoa 49-46. Maana yake, katika raundi tano, Reyes alishinda moja. Hiyo kadi bado inanishinda kuielewa, na jambo linalonikera ni kwamba mwandishi wake hakulazimika kusimama mbele ya mtu yeyote kueleza aliona nini. Mpiganaji anapofanya vibaya anakaa mbele ya waandishi na jicho limefumba, anaulizwa. Jaji anachukua begi lake.

Nisiwe mkorofi. Si kila uamuzi uliogawanyika ni wizi. Januari 2024 mjini Toronto, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alimvua mkanda Sean Strickland kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Wamarekani wakalia wameibiwa. Pambano lile lingeweza kwenda kwa yeyote kati yao. Majaji watatu waliokaa pande tatu za kizimba, kila mmoja akiona mgongo ambao mwenzake anaona uso, wakitofautiana, si ajabu hata kidogo. Ninayemlaumu ni jaji aliyepewa kipimo akatumia kingine. Tangu 2017 kipimo cha kwanza ni mapigo na mieleka yenye matokeo. Kushambulia kwa ari kunaangaliwa endapo tu hapo ni sawa, na nani alilishika eneo la kizimba ni cha mwisho kabisa. Lakini sikilizeni matangazo: "anadhibiti katikati, anasonga mbele, anamgandamiza ukutani." Mtu anaweza kukusukuma kwenye wavu dakika tatu bila kukuumiza popote, akapewa raundi, huku umempiga viwiko vinne vya maana.

Na nyuma ya namba hizi kuna pesa ya chakula. Wapiganaji wengi wa ngazi za chini hulipwa kwa mafungu mawili: moja la kupigana, jingine la kushinda, na mara nyingi mafungu hayo ni sawa. Kwa hiyo jaji mmoja akiyumba, kijana anarudi nyumbani na nusu. Mabosi wa mchezo hupenda kuwaambia wapiganaji wasiwaachie majaji, wamalize wenyewe. Ushauri mzuri kwa mpiganaji. Kwa msimamizi wa mchezo ni kukwepa kazi.

Mtaniuliza, basi si afadhali tuwaondoe hawa binadamu tuweke mashine? Ndugu zangu, hilo limeshajaribiwa, na Afrika Mashariki ilikuwepo pale jambo lilipoanzia. Olimpiki ya Seoul, 1988. Robert Wangila wa Kenya alimpiga Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili akaibeba dhahabu ya welta, na hakuna jaji aliyeombwa maoni. Katika michezo hiyo hiyo, Roy Jones wa Marekani alimchapa Park Si-hun wa Korea Kusini raundi tatu nzima, dunia ikitazama, majaji watatu kwa wawili wakampa Park. Aibu ile ikaleta kompyuta. Kuanzia Barcelona 1992, majaji walibonyeza vitufe, na konde likahesabiwa pale watatu kati ya watano walipobonyeza karibu kwa pamoja, ndani ya sekunde moja.

Kilichotokea mabondia wanakijua. Ngumi zikawa za kugusa na kukimbia. Kumwangusha mtu kulikuwa na thamani ile ile ya kumgusa paji la uso. Mwaka 2013 vitufe vikaachwa, wakarudi kwenye ile hesabu ya kumi. Kisha Rio 2016 malalamiko yakarudi vile vile, na baada ya michezo ile chama cha dunia kikawasimamisha marefa na majaji wote 36. Walibadilisha mashine, wakabadilisha hesabu, na viti vikabaki na watu wasioulizwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anadai kanuni mpya kizimbani, namkumbusha kwamba kanuni zenyewe hubadilika pale palipo na sababu. Kiwiko kinachoshushwa wima kutoka juu kilikatazwa tangu kanuni za pamoja zilipoandikwa, kwa sababu ambayo wapiganaji hawakuielewa kamwe. Kwa kosa hilo Jon Jones alipoteza pambano dhidi ya Matt Hamill, Desemba 2009, pambano alilokuwa akilitawala, na hadi leo ndilo doa pekee la kushindwa kwenye rekodi yake. Novemba 2024 katazo hilo likafutwa. Mwezi huo huo ule mchezo wa kugusa sakafu kwa mkono ili usipigwe goti ukafutwa nao. Vizuri sana. Je, kelele za Jumapili zimepungua?

Lipo jambo moja jipya ambalo ningeliongeza, nalo ni kutangaza pointi kila raundi inapoisha. Mashindano ya wanawake ya Invicta yalianza hivyo Kansas, Machi 2020: raundi ikiisha, kadi za majaji zinaonyeshwa, kona zote mbili zinajua zimesimama wapi. Hendricks angejua kabla ya raundi ya tano kwamba kwenye kadi mbili hesabu ni sawa kwa sawa, na ni jaji gani anamtaka aongeze nini. Wanaopinga wanasema anayeongoza atakimbia raundi ya mwisho. Huenda. Lakini mpiganaji mwerevu anakimbia hata sasa akidhani anaongoza, na kumkwepa mwenzako kwa woga ni kosa lililokwishaandikwa, kama lilivyoandikwa lile la wavu na lile la vidole. Tunarudi pale pale kwa refa.

Faida kubwa ya kutangaza kadi ni kwa majaji wenyewe. Jaji anayejua kwamba namba yake itasomwa dakika moja baadaye, watu wakiwa bado wameshika pumzi, ataitafakari. Ile 49-46 ya Houston isingeibuka mwishoni kama jini. Ingeonekana ikijengeka raundi kwa raundi, na msimamizi wake angekuwa na nafasi ya kumuuliza.

Haya yote yangekuwa mambo ya Wamarekani kama mchezo ungebaki kwao. Haukubaki. Oktoba 2025 ligi ya PFL Africa, ambayo wakati huo Mkameruni Francis Ngannou alikuwa mwenyekiti wake, ilileta nusu fainali zake Kigali. Klabu za mazoezi zipo Nairobi, zipo Kampala, zipo Dar es Salaam, na vijana waliolelewa kwenye judo, karate na ngumi wanaingia kizimbani. Huko Marekani majaji huteuliwa na tume za majimbo, angalau kwenye karatasi si watu wa mwandaaji. Huku kwetu, ambako tume nyingine hazijaujua mchezo huu vizuri, mwandaaji anaweza kujikuta anakodi ukumbi, analipa wapiganaji, na anachagua majaji, wote kwa mfuko mmoja. Mpiganaji wake wa nyumbani akipanda, majaji hao watamwogopa nani?

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mabaraza ya michezo ya nchi zetu, na kwa waandaaji wanaopanga mapambano ya mwaka huu. Kanuni msiandike mpya, chukueni zilizopo. Majaji wateuliwe na kulipwa na asiyeuza tiketi. Kadi zisomwe kila raundi, kisha zibandikwe na jina la jaji aliyeziandika. Refa apewe ruhusa, na alindwe, kukata pointi kosa la kwanza. Na kama bajeti haitoshi kwa haya na kwa mataa ya rangi, punguzeni mataa.